Baba Karudi Ngamiani, Nani Acheke?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Makorora, Tanga. Nimeandika skripti ya filamu ya vichekesho vya familia. Baba anaitelekeza familia yake Ngamiani, anakwenda Afrika Kusini, anarudi baada ya miaka 17. Akiona hapokelewi, anasingizia ana saratani ili apewe kitanda. Mkewe anauza maandazi na mbaazi, na sasa anaposwa na mwalimu mstaafu. Binti mkubwa, aliyelelewa na mjomba wake, anakaribia kuolewa. Kuna na mjukuu wa miaka 7. Uongo unafichuka, mama analia, baba anaomba msamaha, filamu inaishia harusini. Nilipoisoma mbele ya kikundi chetu, nusu ya kwanza walivunjika mbavu, nusu ya pili wakanyamaza kabisa. Dada yangu kaniambia hicho si kichekesho, ni kumsafisha mwanamume. Wengine wanasema nimeiba filamu ya Wamarekani. Nirekebishe wapi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Dada yako yuko sahihi, na kikundi chako kiko sahihi, na wote wanalalamikia kitu kimoja bila kujua. Kicheko cha filamu yako kina mwenyewe mmoja tu, naye ni baba. Uongo wake, majivuno yake, suti yake ya Johannesburg, ndivyo vinavyochekesha. Siku anapoumbuka, mwenye kicheko kaondoka na hukuacha mrithi. Waliobaki wote ni watu wa kulia. Na kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyetufurahisha kwa saa nzima, tunajikuta tunamtaka arudi, hata kama alichokifanya hakisemeki. Hapo ndipo dada yako alipokukamata.

Nianze na tuhuma ya wizi, maana hiyo ni fupi. Filamu wanayoisema bila shaka ni The Royal Tenenbaums ya Wes Anderson, ya mwaka 2001, Gene Hackman akiwa baba aitwaye Royal. Naye aliishi mbali na mke na watoto miaka mingi, naye anarudi baada ya kusikia mkewe, Etheline, kaposwa na Henry Sherman, mhasibu wake, mtu mpole. Naye anasingizia saratani. Henry ndiye anayemuumbua: vidonge anavyomeza ni peremende. Baba aliyepotea akarudi si mali ya mtu, stori hiyo ilikuwepo kabla ya sinema kuzaliwa. Lakini saratani ya uongo na mchumba mpole vikikaa nyumba moja, vinatambulika. Toa saratani.

Wala usiitoe kwa kuogopa maneno ya watu. Itoe kwa sababu Ngamiani haiwezi kukaa. Kule Royal anadanganya watu wachache ndani ya jumba lao, na daktari wake ni rafiki aliyevalishwa koti jeupe. Wewe mlaze mgonjwa chumba cha uani Barabara ya 12 uone. Asubuhi yake mlangoni pamejaa ndara. Huyu kaleta uji, yule kaleta kombe la kunywa, aya zilizoandikwa na shehe, wa tatu ana mpwa wake muuguzi hospitali ya Bombo na anataka kuona cheti. Jioni daftari la mchango linazunguka mtaa. Sasa mzee wako kala fedha za wauza mkaa, na hapo umempoteza mtazamaji moja kwa moja. Mtu wa Tanga atamvumilia mwongo, atamvumilia mwenye kujisifu, hata mkwepa madeni atamcheka na kumsamehe. Aliyekula mchango wa ugonjwa hamsamehi. Kama unaipenda sana sehemu hiyo, ipe usiku mmoja tu: mzee anasema anaumwa, alfajiri anasikia mtaa mzima unakuja na uji, anapona mwenyewe kabla jua halijachomoza.

Kuna jambo moja la filamu ile ambalo hukulichukua, nalo ndilo lililostahili kuchukuliwa. Royal kwa miaka yote hakumpa Etheline talaka. Kutengana walitengana, talaka hakuna. Kugeuka kwake hakuko kwenye machozi wala kwenye kuomba radhi, kuko pale anapoitoa ile talaka ili Etheline aolewe na Henry. Kuna kitu amekishikilia ambacho hakustahili kukishikilia, na anakiachia. Hicho ndicho kinachokosekana kwako. Baba yako anaomba msamaha kurasa nne, na hana anachokiachia.

Basi tafuta alichoshika. Talaka haikufai, nitakuambia kwa nini. Ndani ya dakika kumi za mwanzo, mtazamaji wa kwetu, hasa akina mama, ataulizana na mwenzake: kamwacha au hakumwacha? Skripti yako haisemi. Usiposema, mwalimu mstaafu anakuwa mtu anayeposa mke wa mtu, na huruma yote inahamia kwa baba bila wewe kutaka. Mpe mama cheti chake cha talaka tangu zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inahesabu kumtelekeza mwenzako kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka 3 kuwa moja ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika, na kabla ya kufika mahakamani shauri hupita kwenye baraza la usuluhishi. Mama alikwenda, akakaa kwenye benchi na wenzake, akamaliza. Karatasi iko ndani ya sanduku la bati pamoja na kadi za kliniki za watoto. Sentensi moja inatosha: mzee anaanza, “Mke wangu...” na mama, bila kuinua macho kwenye unga, anamwambia, “Karatasi ikwambie.”

Sasa geukia kitu ulichokifanya pambo, nacho ndicho mtaji wako mkubwa: harusi ya binti.

Umeandika kwamba binti kalelewa na mjomba. Mjomba kalipa ada, mjomba kamuuguza, mjomba ndiye aliyewapokea wachumba kwenye mkeka. Kwa fikihi ya Kishafii, yaani sheria za dini zinazofuatwa pwani yetu, mjomba hana uwalii, haki ya kumuozesha binti. Uwalii uko kwa baba, akikosekana uko kwenye ukoo wa baba. Mtu aliyelea hana neno kwenye akdi, pale ndoa inapofungwa, na mtu aliyekimbia analo. Hebu litazame hilo. Huhitaji saratani tena. Wiki ya harusi, ami, ndugu wa baba, kishapangiwa kuja kutoka Pangani kusimamia akdi, kadi zimechapishwa, mzee anashuka stendi ya Kange na begi lake. Shehe anaulizwa. Shehe, mtu wa haki, anasema: baba akiwa hai na yupo, yeye ndiye wa kwanza. Nyumba nzima inageuka kumtazama mtu ambaye saa moja iliyopita hakuna aliyetaka hata kumkaribisha maji.

Kuanzia hapo vichekesho vinazaliwa vyenyewe, kwa sababu kila mtu ana haja na kila mtu ana kinyongo. Mzee anavimba, anaanza kuuliza mahari ni kiasi gani. Mjomba anameza mate. Bwana harusi hajui amwamkie nani kwanza. Ami wa Pangani kashonesha kanzu mpya na hataki iende bure. Kama familia yako ni ya Wadigo, na Makorora hawakosekani, inazidi kunoga, maana kwa mila ya Wadigo ukoo wa mama na mjomba walikuwa na uzito mkubwa tangu zamani, na kuvutana kwa mila ile na sheria ya dini kunajulikana katika kila ukoo. Bibi mzaa mama ana la kusema hapo, mwache aseme.

Sasa turudi kwenye kicheko na wenyewe. Sisi tuna utaratibu wetu wa nani amcheke nani, na filamu nyingi za hapa nyumbani zinaupuuza. Mjukuu na babu ni watani. Shemeji na shemeji ni watani. Watani wa kabila wanaweza kufika hata msibani wakamwigiza marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayeudhika. Baba na binti si watani. Mume aliyeondoka na mke aliyeachwa si watani. Katika skripti yako binti anamrushia baba vijembe kuanzia siku ya kwanza, na mama naye. Ndiyo maana nusu ya pili hawana tena pa kwenda, maneno yao yamekwisha kupoteza makali. Wanyang'anye mama na binti utani wote, uwape wenye haki nao.

Mpe jirani mtani. Tuseme baada ya miaka saba bila barua wala simu, ukoo ulikaa, ukamsomea mzee hitima. Sasa kasimama barazani, mzima, na mtani anamwambia mbele ya watu: “Bwana wee, pilau la hitima yako tumelila. Tukurudishie, au tulihesabu la arusi?” Mpe mjukuu: “Babu, si wewe tunayekuombea dua na maiti wengine?” Hawa wawili wanaweza kumchapa mzee tangu mwanzo hadi mwisho, ukumbi ukacheka, na ukweli ukawa umesemwa. Kicheko kimehama kwa waliodhulumiwa, na hakiishi mzee anapoumbuka.

Sini ya kwanza niandikie hivi, au karibu na hivi. Ni baada ya magharibi, begi la mzee limepoteza gurudumu moja njiani.

BABA: Hodi!
MJUKUU: (mlango upenyo tu) Karibu. Wewe nani?
BABA: Mwenye nyumba.
MJUKUU: Mwenye nyumba kaja asubuhi, kodi yake tumempa.

Usiongeze kitu hapo. Mkao wa mzee, macho yake yanapanda kwenye fremu ya mlango aliyoichonga mwenyewe, basi. Mtazamaji kacheka, na kicheko hakijaisha kishajua kwamba nyumba iliuzwa, kwamba familia ni wapangaji ndani ya kuta alizozijenga yeye, na kwamba mtoto hajui yeye ni nani. Wewe habari hiyo umeipa mama aieleze kwa kurasa mbili akiwa analia. Pima kila sini kwa kipimo hicho: mzaha unabeba habari gani? Usiobeba kitu, hata kama kikundi kimeangua kicheko, kata.

Kwa mama nina maneno mengi, kwa sababu ndiye uliyemwandika vibaya kuliko wote. Analia mara tano. Mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka 17 kuchemsha mbaazi ameshalia zamani, kilio kimekwisha. Na hapigi kelele mlangoni majirani wasikie. Anafanya jambo baya zaidi: anampokea mzee kama mgeni. Sahani za kabatini zinatoka. Birika na bakuli la kunawia. Kikombe chenye kisahani chake. “Karibu, bwana. Umefikaje? Watoto, mkaribisheni mgeni.” Mzee anasema, “Mimi si mgeni humu.” Mama: “Ndivyo wasemavyo wageni wote,” huku anammiminia chai. Adabu yake haina ufa. Mzee anatamani atukanwe, maana anayetukanwa ni wa nyumbani, na mama hamtukani ng'o. Hiyo ni silaha ambayo kila mtu wa pwani anaijua, na itachekesha na kuuma kwa pamoja. Mambo ya kanga yenye jina la kumsuta waachie wengine. Yametumika mno, hadi mtazamaji anaisoma kanga kabla mama hajaifunga.

Siku mbili zinapita hivyo. Siku ya tatu, saa kumi alfajiri, mlango wa mzee unagongwa. Nje iko mbuzi ya kukunia nazi, sinia, na nazi sita zimeshavunjwa. Hakuna mtu aseme methali yoyote, watazamaji wataimaliza wenyewe ukumbini.

Sini hiyo ya nazi ipige kwa karibu na usiifanyie haraka. Mzee anakaa juu ya mbuzi na suruali ya suti, magoti yanamfika kidevuni. Anakandamiza kama anayekata mbao, machicha yanatoka mapande mapande. Anazidi, anafika kwenye ganda, weusi unaingia. Mama anapita, anainama juu ya sinia, anachukua kipande kimoja cheusi kwa ncha ya kidole, anakiweka ukingoni mwa sinia. Kisha kingine. Kisha kingine. Hasemi neno. Mjukuu anapiga miayo, anamwambia babu: “Zungusha, usisukume.” Alfajiri inayofuata mzee yuko pale tena, na inayofuata, na safu ya vipande vyeusi ukingoni mwa sinia inapungua. Hutahitaji mtu yeyote aseme “baba amebadilika.” Tutaona kwenye sinia. Na kumbuka biashara ni ya mama: wateja wakimsifu mzee kwa mbaazi nzuri, mama anapokea hela na kuzifunga kwenye upindo wa kanga yake.

Dada yako anauliza nani analipa. Ajibiwe ndani ya filamu. Mzee asirudi chumbani kwa mama. Mama aolewe na mwalimu, tena mwalimu umpe mwili na damu. Sasa hivi ni miwani tu. Mpe baiskeli anayoipenda kupita kiasi, mpe ubishi wa mpira, awe mtu wa Coastal Union asiyeweza kukaa meza moja na mtu wa African Sports, na mzee wako awe African Sports. Wagombane kwa hilo badala ya kumgombania mama, itakuwa na heshima zaidi na itachekesha zaidi.

Binti naye ana silaha moja, na ni ndogo. Asimwamkie. Siku ya kwanza wadogo zake wa kike wote wanasema shikamoo kwa shingo upande, yeye anasema “Habari yako.” Pale ukumbi utaguna, hutahitaji muziki wala macho ya kutoa machozi. Na hiyo shikamoo uifungie mpaka mwisho kabisa.

Mwisho wenyewe. Siku ya akdi, msikitini au barazani, shehe kakaa, bwana harusi kakaa, mashahidi wawili wapo. Kila mtu ukumbini anajua kitakachofuata: walii humpa shehe uwakala amuozeshe binti kwa niaba yake. Mzee kafanya mazoezi ya maneno hayo wiki nzima akiwa juu ya mbuzi, tumemsikia. Shehe anamgeukia. Mzee anafungua kinywa, anamwangalia mjomba aliyekaa nyuma karibu na viatu, na badala ya kumpa shehe uwakala anampa mjomba. Maneno yanamgongana, anakosea jina la ukoo, shehe anamrudisha aanze upya, mtani anaguna nyuma, na mjomba mtu mzima anapanda mbele akijikwaa kwenye kanzu ya ami wa Pangani. Uwakala ni jambo linalokubalika, na hata hivyo kaa na shehe wa mtaa wako akuhakikie kila tamko kabla ya kupiga picha, kwa sababu watazamaji wako wanayajua maneno ya akdi kuliko wewe na mimi, na kosa moja litavunja sini nzima.

Mzee hajasamehewa hapo. Hajaomba, na hakuna aliyemwambia yamekwisha. Ameachia kitu ambacho ni yeye aliyekuwa nacho. Halafu, kwenye pilau, binti anapita na sinia mkononi, hasimami, anasema, “Shikamoo, baba.” Na mzee mdomo umejaa nyama, marahaba haitoki, binti keshapita. Kata hapo. Usimpe nafasi ya kutafuna.

Kwa anayemwigiza mzee, tafuta mtu asiyejua kwamba anachekesha. Mji wako umetoa bwana wa kazi hiyo, marehemu Amri Athumani, King Majuto, aliyefariki Agosti 2018. Mtazame tena ukiwa umezima sauti. Uso wake unabaki wa mtu mwenye haki kabisa, anayeonewa na dunia, na ndiyo maana tulicheka. Mwigizaji anayetabasamu baada ya mzaha wake mwenyewe amekuharibia kazi, mbadilishe mapema.

Machache ya upigaji. Nyumba zetu za Kiswahili zina ukumbi mwembamba wenye vyumba huku na huku, na vijana wengi wakifika humo wanasogeza kamera usoni. Usisogeze. Kichekesho kinahitaji tumwone anayesema na anayesikia kwa wakati mmoja, kwa hiyo weka kamera mwisho wa ukumbi, mlango wa uani, uache watu wapishane. Msitumie kinanda cha huzuni chini ya sini ya mama. Kama unataka muziki, Tanga ni nyumba ya vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, ila omba ruhusa ya wenye haki kabla hujaweka wimbo. Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikie kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, skripti ikiwa imekamilika, na ukwepe Aprili na Mei, masika itakula siku zako za barazani.

Uliniuliza pia pembeni kama bibi azungumze Kidigo, na unaogopa watu wa bara hawataelewa. Azungumze. Weka maandishi ya Kiswahili chini, na mahali pawili patatu usiweke kabisa, mwache mjukuu amtafsirie babu yake, akipunguza yale makali.